Ripoti Ikihojiwa, Programu Ijibu Nini?

Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kule Mbozi, au cha kakao kule Kyela, hakitengenezi ripoti ili kumfurahisha mtu. Kinaitengeneza kwa sababu siku ya mkutano mkuu mwanachama atasimama na risiti zake za mizani mkononi, azijumlishe mbele ya watu, kisha aulize kwa nini kilo alizosomewa si zile alizopeleka ghalani. Mazungumzo kuhusu programu za kutengeneza ripoti, hata hapa Mbeya, yamekuwa ya upande mmoja tu: upande wa anayewasilisha. Chati inang'aa, mkubwa anabonyeza, rangi zinabadilika, bajeti inapita. Anayehoji haulizwi kitu. Mimi naona kila kipengele kipya kipimwe na huyu wa pili. Kikipimwa hivyo, vingi vinavyotangazwa kwa kelele vinapungua uzito, na baadhi ya vile vinavyopita kimyakimya vinapanda bei.

Tuanze na chenye kelele. Microsoft hutoa toleo la Power BI Desktop, programu yake ya kutengeneza ripoti na chati, karibu kila mwezi, na tangu mwaka 2023 ni nadra tangazo lake likose jina la Copilot, msaidizi wake wa akili unde: unaiandikia unachotaka, inakuchorea ukurasa wa ripoti na kukutungia maelezo yake. Programu kujiandikia maelezo si jambo geni kabisa. Mwaka 2020 Power BI ilikuwa tayari na kisanduku cha maelezo ya kujiandika, na kile kilikuwa na adabu yake. Namba iliyomo ndani ya sentensi ilikuwa imefungwa kwenye hesabu fulani ndani ya faili. Data ikibadilika, namba inabadilika, na ukitaka kujua imetoka wapi unaifuata mpaka kwenye hesabu yenyewe. Haya ya sasa hutungwa na akili unde. Yanasomeka vizuri zaidi, na kwa kuwa yanasomeka vizuri, watu hawayahoji.

Chukua ripoti ya makusanyo ya kahawa. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, na kahawa ya Mbozi huvunwa kiangazi. Ipe mashine jedwali la kilo kwa kila mwezi bila maelezo mengine, nayo inaweza kukuandikia kwa Kiingereza safi kwamba makusanyo yameporomoka mwezi Desemba na uongozi uchunguze sababu. Hakuna cha kuchunguza. Mibuni haina matunda ya kuchuma. Karani wa ghala analijua hilo bila kompyuta. Lakini ripoti haibaki kwa karani. Inakwenda kwa mfadhili aliyeko Dar es Salaam au Ulaya, naye anasoma "yameporomoka" na kuandika barua pepe ya kutaka maelezo. Wiki nzima inapotea kujibu swali lililozaliwa na programu. Na ile sentensi haikusema uongo, maana namba zimeshuka kweli. Ililinganisha tu visivyolinganishika, kwa ujasiri ambao mtu anayejua shamba asingekuwa nao.

Watengenezaji wenyewe wamelisema hili, ingawa kwa maandishi madogo. Agosti 2025, Microsoft ilipoanza kuleta fomula ya COPILOT ndani ya seli za Excel, maelekezo yake yalionya isitumike kwa mahesabu ya namba, wala kwa kazi inayodai usahihi au inayopaswa kutoa jibu lilelile kila ikirudiwa, wala kwa mambo yenye uzito wa kisheria. Malipo ya wakulima ni yote hayo kwa pamoja. Mwenye duka la dawa akikuambia kwa kinywa chake kwamba vidonge hivi haviponyi ugonjwa wako, unavinunua vya nini?

Sisemi akili unde haina kazi. Kumsaidia mtu kuandika fomula ndefu ambayo ataijaribu mwenyewe kwenye data anayoifahamu ni msaada mkubwa, hasa kwa vijana wanaojifunza bila mwalimu wa karibu. Ninachokataa ni kuiachia ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna lugha. Orodha ya lugha za Power BI ni ndefu: Kibaski kimo, Kikatalani kimo, Kigalisia kimo. Kiswahili hakimo. Wala haiwezi kusemwa kwamba ni kazi isiyowezekana, maana tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na Windows yenyewe iliwahi kuwa na pakiti ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba ripoti hupangwa kwa menyu za Kiingereza na kusomwa mbele ya watu wanaoijadili kwa Kiswahili, na anayeipanga asipokuwa makini, vichwa vya kolamu hubaki vilevile vilivyotoka kwenye mfumo. Mwanachama anaona "Net Qty" na kunyamaza. Huko si kukubali. Na ugomvi wa namba ukivuka ofisi ya mrajisi wa vyama vya ushirika ukafika mahakamani, lugha ya mahakama zetu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ni Kiswahili, kwa hiyo ni busara ripoti iwe imezungumza lugha hiyo mapema.

Kwa anayetumia Excel kuna njia ndogo ambayo watu wengi hawaijui. Kwenye muundo wa seli yenye tarehe, andika [$-441]mmmm, na mwezi utaandikwa Julai badala ya July. Namba 441 ni msimbo wa Kiswahili ndani ya Windows. Ulisajiliwa kwa Kenya, lakini Julai ni Julai pande zote mbili za Namanga.

Tarehe zenyewe ndizo zinazoharibu ripoti nyingi kuliko kitu kingine chochote, na hakuna mkutano wa uzinduzi utakaolitaja hilo. Kompyuta nyingi huanza kazi zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Mfumo wa mizani unatoa faili lenye 07/04/2025, yaani tarehe 7 Aprili. Kompyuta ya ofisini inaisoma kuwa tarehe 4 Julai. Ikifika 25/04/2025 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, basi inaiacha kama maandishi tu. Hapo mizigo ya siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi imetawanyika kwenye miezi mingine, na ile ya siku zinazofuata imepotea kwenye jumla za miezi. Jumla kuu bado iko sawa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Power Query, iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, ina sehemu ya kubadilisha aina ya kolamu kwa kutaja nchi ambako tarehe ziliandikwa. Ukitaja Uingereza, siku inatangulia na tatizo linakwisha. Ukiunganisha hilo na uwezo wake wa kusoma folda nzima, makarani wa vituo mbalimbali wanaweza kutuma mafaili yao ya wiki, ukayatupia kwenye folda moja, ukabonyeza kuonesha upya, na kazi ya kunakili na kubandika ikafa kabisa. Ni ya zamani, ni ya bure kwa mwenye Excel, na kwa maoni yangu imeokoa saa nyingi za kazi kuliko vipengele vyote vya akili unde nilivyovitaja.

Katika vipya, kipo kimoja ambacho ningekipigia debe bila aibu. Septemba 2025 Power BI ilileta, kikiwa bado cha majaribio, kipengele cha kumruhusu mtengenezaji kueleza kalenda yake mwenyewe. Kabla ya hapo fomula za kulinganisha vipindi zilidhani mwaka ni Januari hadi Desemba. Uliweza kuzihamishia mwisho wa mwaka uwe tarehe 30 Juni, ambako hufaa kwa mwaka wa fedha wa serikali, lakini zaidi ya hapo ilikuwa ni kupindapinda fomula. Sasa unaweza kuunda kalenda inayohesabu wiki tangu ghala lifunguliwe. Ripoti ya kakao ikilinganisha wiki ya sita ya msimu huu na wiki ya sita ya msimu uliopita, hata kama moja ilianza mapema kwa sababu mvua ziliwahi, hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na maana kwa mkulima. Ule upuuzi wa Desemba nao unakufa, kwa kuwa Desemba haimo ndani ya msimu wa kahawa.

Tahadhari moja hapa. Ukishakuwa na kalenda nzuri, chati ya mstari ya Power BI inakupa pia kitufe cha utabiri, na vyama vyenye data ya kompyuta ya msimu mmoja au miwili vinakibonyeza. Mwaka 1786 Mskoti William Playfair alipochapisha chati zake za biashara, za nchi nyingine alizichora kwa mistari ya miaka mingi. Za Scotland alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, naye akaamua kuchora nguzo, kila nchi iliyofanya biashara na Scotland na nguzo zake. Chati ya nguzo tunayoitumia leo ilitokana na mtu kukataa kuchora mwelekeo asiokuwa nao. Kitufe cha utabiri hakina uungwana huo. Kinachora mstari, kinaweka kivuli pembeni yake, na bodi inakwenda na chati hiyo benki kuombea mkopo wa pembejeo.

Kuna jambo ambalo programu zote hizi hazilijui na haziwezi kulijua: gunia. Muulize mnunuzi wa viazi mviringo anayeshusha mzigo Mwanjelwa kutoka Uporoto, au anayepakia Makambako kutoka Makete, gunia lina kilo ngapi. Kanuni za vipimo zinataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga vita lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa miaka, ila lumbesa bado ipo, na kila mtu anajua ipo. Kwenye programu, "magunia 40" ni arobaini tu. Dawa yake haiko kwenye toleo jipya. Iko kwenye usanifu. Weka kolamu mbili, ya magunia na ya kilo, kisha ya tatu inayogawanya kilo kwa magunia, na uichapishe kwa kila mnunuzi. Mnunuzi ambaye wastani wake ni kilo 118 kwa gunia amejitangaza mwenyewe, hakuna haja ya kumsema. Ripoti za namna hii hazipendwi na kila mtu, na huenda ndiyo sababu nimeziona chache.

Sasa karatasi. Wapo wanaodhani ripoti ya kurasa imepitwa na wakati. Kwa mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga mwenye malori yake, kweli, dashibodi kwenye simu inamtosha; anaangalia mzigo uliotoka na pesa iliyoingia, na wa kumhoji ni yeye mwenyewe, benki yake na TRA. Kwa chama cha watu mia sita ripoti ni orodha ndefu inayobandikwa ukutani na kutumwa kama PDF kwenye WhatsApp. Inahitaji kichwa cha jedwali kinachojirudia kila ukurasa, jumla ndogo kwa kila kituo, na namba ya ukurasa. Dashibodi ya kawaida haifanyi haya vizuri. Kazi hiyo ni ya programu za aina nyingine: Reporting Services ya Microsoft iliyoanza mwaka 2004, Crystal Reports ambayo sasa iko chini ya SAP, na JasperReports iliyoanzishwa na Teodor Danciu mwaka 2001, ambayo msimbo wake uko wazi na ambayo imejificha ndani ya mifumo mingi ya fedha bila watumiaji kujua.

Hizi nazo zimetikiswa karibuni. Kuanzia SQL Server 2025 Microsoft haitoi tena toleo jipya la Reporting Services. Ripoti zinazokaa kwenye seva ya ofisi yenyewe zinahamia Power BI Report Server, huku toleo la 2022 likiendelea kupata msaada hadi Januari 2033. Wengine walisikia hilo kama tangazo la msiba. Si msiba: mafaili ya ripoti za kurasa yanafunguka huko yanakohamia, na muda upo. JasperReports ndiyo inayodai umakini wa haraka, kwa sababu toleo la 7 la mwaka 2024 lilibadilisha namna violezo vinavyohifadhiwa, na vya zamani sharti vigeuzwe kwanza kupitia Jaspersoft Studio. SACCOS yenye mfumo uliojengwa na kijana ambaye sasa hapatikani kwa simu isikubali "apdeti" ya mtu yeyote kabla ya kujua violezo vyake viko wapi na nani anavyo.

Na ukumbuke nani atachapisha. Printa ni nyeusi na nyeupe, na nakala zinatolewa fotokopi steshenari ya stendi. Chati yenye kijani na nyekundu ikipita huko inatoka kijivu na kijivu. Andika namba juu ya nguzo zenyewe, ondoa rangi zote, uone kama bado inasomeka.

Nirudi kwa anayehoji, maana ndiye aliyenifanya niandike. Anachohitaji ni njia ya kurudi kutoka jumla hadi mzigo mmoja mmoja. Hapa vipengele vya kimyakimya vinastahili sifa. Excel ina sehemu ya kuonesha mabadiliko: nani alibadilisha seli gani, saa ngapi, ilikuwa na nini kabla. Inakumbuka siku 60 tu, na inataka faili liwe OneDrive au SharePoint, kwa hiyo haifanyi kazi kwa faili linalosafiri kwenye flashi. Siku 60 hazitoshi msimu mzima, basi kila mwisho wa mwezi nakala ifungwe na ihifadhiwe pembeni. Power BI nayo tangu Juni 2023 inaweza kuhifadhi mradi kama mafaili ya maandishi badala ya fungu moja lisilosomeka, hivyo mtu akibadilisha fomula ya makato, mstari uliobadilika unaonekana. Sijaona tangazo hata moja likiuza hilo kwa msisimko. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, angelielewa upesi kuliko mtu wa masoko.

Hata hivyo njia ya kurudi inaweza kuwekwa bila programu mpya. Mbele ya jumla ya kila mwanachama, chapisha namba ya risiti yake ya kwanza, ya mwisho, na idadi ya risiti. Ni kolamu tatu. Mwanachama aliye nyuma ya ukumbi anahesabu karatasi zake, na kama ripoti inasema tisa naye ana kumi, ugomvi umeshapungua kutoka "mmeniibia" hadi "risiti hii moja iko wapi". Hilo linajibika siku hiyohiyo.

Gharama zisisahaulike. Power BI Desktop ni ya bure, lakini kushirikisha ripoti kwa utaratibu unaoeleweka kunataka leseni, na Aprili 2025 leseni ya Pro ilipanda kutoka dola 10 hadi 14 kwa mtu kwa mwezi, zaidi ya shilingi elfu thelathini. Kwa wajumbe tisa wa bodi hiyo ni pesa inayoulizwa mkutanoni. Copilot inadai malipo mengine juu yake. Ndipo hujitokeza mjanja anayechagua kuchapisha ripoti wazi kwenye wavuti, kwa kuwa hiyo haidai leseni kwa kila msomaji. Mwenye kiungo yeyote anaiona, pamoja na majina, namba za simu na malipo ya kila mkulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na chama cha ushirika hakijaachwa nje yake. Kwa ukutani, namba ya uanachama na kilo zinatosha. Jina na malipo viende kwa mwenyewe.

Muuzaji akija na projekta yake, bodi imwombe kitu kimoja. Achague mwanachama wa katikati ya orodha, atoe jumla ya kilo zake za msimu uliopita, aichapishe kwa printa ya chama iliyopo, kisha aoneshe risiti zilizozaa jumla hiyo bila kumpigia mtu simu. Jaribio hilo lifanyike kati ya Januari na Aprili, wakati hesabu za msimu uliopita zimeshafungwa na risiti zake bado ziko kwenye faili kabatini. Ghala likishafunguliwa karani hana nafasi, na programu itapokewa kama ilivyo.